Picha Iliyotoka Ofisini

Nilikuwa karani wa data katika kituo kimoja cha utafiti wa magonjwa pale Masasi, na hadi leo nikipita mbele ya jengo lile hugeuza uso na kutazama upande wa pili wa barabara. Si hasira. Hasira ilikwisha zamani. Kilichobaki ni kinyaa, kama kile kinachompata mtu akifunua sufuria aliyoisahau jikoni wiki nzima.

Kazi yetu ilikuwa matende. Tulizunguka vijiji vya Masasi na Newala kutafuta watu waliovimba miguu, tukawahoji, tukawapima, tukawapiga picha. Majibu yaliingia kwenye kishikwambi na kila mtu akapewa namba. Namba hiyo tu ndiyo iliyoruhusiwa kusafiri: kwenye majedwali, kwa wachambuzi, na kwa watafiti wengine watakaoomba kwa utaratibu. Jina lilitakiwa kubaki kwenye fomu ya ridhaa, na fomu ya ridhaa kwenye kabati lenye kufuli. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina ya siku tatu, na hivyo ndivyo nilivyowaambia watu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Kabati lilikuwepo. Kufuli pia lilikuwepo, ila ufunguo wake ulipotea mwaka wangu wa kwanza, na tangu hapo lilining'inia wazi kama pambo. Siku moja nilitumwa kutafuta fomu za kijiji cha Nanganga nikakuta panya wamezifanya kiota. Vipande vya majina na alama za vidole gumba, vimelowa mkojo, na juu yake vitoto vya panya vyekundu visivyo na manyoya. Nilimwita mkuu wa kitengo cha data aje aone. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Hizo zimeshaingizwa kwenye kompyuta," alisema. "Karatasi ni karatasi tu."

Akarudi ofisini kwake. Nikafagia mwenyewe, nimejifunga kanga puani.

Mkuu wetu alikuwa mtu msafi kupita kiasi. Mikono ya shati lake ilikuwa na mstari wa pasi kila siku, na mezani aliweka chupa ya dawa ya kunawia aliyoitumia kila akimaliza kumpa mtu mkono. Mchana alikula chipsi mayai palepale mezani, huku kidole cha mkono wa pili kikipitisha picha za miguu kwenye simu, mmoja baada ya mwingine. Mara nyingine alimgeuzia mwenzake kioo na kusema, "Hebu ona huu." Wakacheka huku wakitafuna. Nimeona miguu mingi ya matende, mingine ina vidonda, mingine inatoa harufu, na sijawahi kuionea kinyaa. Ila chipsi zile, hadi leo siwezi kuzila.

Mama mmoja nilimkuta kijiji cha Chiungutwa, karibu na mashine ya kusaga. Alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule na magauni ya harusi, na cherehani yake aliiendesha kwa mguu wa kulia peke yake, kwa sababu wa kushoto ulikuwa umevimba kuanzia goti hadi vidoleni, mzito kama gogo. Alivaa gauni la bluu alilojishonea, refu, na upande wa kushoto pindo lake lilikuwa pana zaidi ili lianguke vizuri juu ya mguu. Ukimwona amekaa, hujui kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kushonesha?"

Nikamweleza nilichokuja nacho. Watu wengi huweka kidole gumba kabla sijamaliza sentensi ya pili. Yeye alivaa miwani, akaichukua fomu ya ridhaa, akaisoma yote kurasa zote tatu, kidole kikifuata mstari.

"Hiyo picha itakwenda wapi?" aliuliza.

"Ofisini tu, mama. Haitakuwa na sura wala jina. Ni mguu peke yake, na namba."

"Na nikibadilisha mawazo?"

"Unatuambia, tunakutoa. Imeandikwa hapa."

"Nimeona imeandikwa. Nakuuliza wewe."

"Nakuahidi, mama. Picha haitatoka ofisini."

Akanitazama kidogo, kisha akasaini kwa mwandiko mzuri wa kike wa shule za zamani. Akapandisha gauni hadi gotini, akageuza uso ukutani, nikapiga picha. Kwenye picha ulionekana mguu, pindo la bluu, na kipande cha chuma cha kukanyagia cherehani.

Miezi ile ile alituandikia daktari mmoja mwanamke wa hospitali ya mkoa mwingine. Alitaka kupanga mafunzo ya kuwaonyesha wagonjwa jinsi ya kuosha na kutunza miguu ili homa zisiwarudie, na alitaka kujua vijiji gani vina wagonjwa wengi. Hakuomba majina wala picha. Aliambatisha kibali chake, aliambatisha mpango wake wa namna atakavyoitunza data, aliandika kwa adabu kabisa. Nilimpelekea mkuu barua ile.

"Mwambie bado tunasafisha data," alisema.

Kusafisha data ni kuondoa makosa: umri ulioandikwa mara mbili, kijiji kilichokosewa herufi. Data ile nilikuwa nimeshaisafisha mwenyewe, imekaa tu. Daktari aliandika tena. Aliandika mara ya tatu. Kila mara nilijibu kwamba bado tunasafisha, na kila mara nilimalizia kwa "tunashukuru kwa uvumilivu wako." Mkuu aliwahi kunieleza sababu yake bila kuficha: "Data ni mali yetu mpaka tuchapishe. Unampa mtu, kesho anaandika yeye, wewe unabaki unapiga makofi."

Kisha nikatumwa Newala kufundisha wahoji wapya. Tulipofika ilikuwa siku ya soko. Nilishuka kutafuta maji ya kunywa, nikasikia spika ikipiga kelele upande wa stendi. Jamaa mmoja aliyevaa koti jeupe la kidaktari alikuwa amesimama kando ya gari dogo, anauza unga wa mitishamba kwenye vichupa. Ubavuni mwa gari alitundika bango kubwa la plastiki.

"Mguu huu, ndugu zangu, ulikuwa na funza!" alipaza sauti. "Ulikuwa unaoza! Dawa hii, mwezi mmoja tu, tazameni wenyewe!"

Bango lilikuwa na picha mbili. Chini ya ya kwanza iliandikwa KABLA, chini ya ya pili BAADA. Ya pili ulikuwa mguu wa msichana fulani, mwembamba, na ulikuwa mguu wa kulia. Ya kwanza ulikuwa wa kushoto, una pindo la bluu juu ya goti na kipande cha chuma cha cherehani pembeni.

Nilirudi kwenye gari bila hata kununua maji.

Niliporudi Masasi niliingia kwa mkuu bila kubisha hodi. Alinisikiliza hadi mwisho, akajipaka dawa mikononi.

"Una uhakika ni ya kwetu? Miguu ya matende inafanana."

"Nilipiga mimi, mkuu. Naijua."

"Basi usiandike popote," alisema kwa upole uleule wa siku zote. "Ukiandika, wafadhili wanafunga mradi. Na kumbuka, aliyechukua ridhaa ile ni wewe. Jina lako ndilo lipo chini."

Nikatoka nimeamua kumtafuta mwizi. Nilianza na kompyuta, na huko nilichokuta kilinitia kinyaa zaidi. Faili la picha lilikuwa kwenye kompyuta ya mkuu, kwenye ya mhasibu, kwenye laptopu ya nyumbani ambayo watoto wa mkuu walichezea michezo, na kwenye flashi mbili zilizokuwa kwenye droo pamoja na soksi na vijiti vya meno. Neno la siri la kishikwambi lilibandikwa ukutani. Mtu yeyote aliyewahi kuja kuomba maji pale angeweza kulisoma.

Lakini picha yangu haikutoka huko. Ile ya bangoni ilikuwa na alama ndogo ya ukungu kwenye kona, iliyotokana na lenzi ya simu yangu mwenyewe. Nikafungua kundi letu la wasapu la kazini, nikapandisha juu, mwezi baada ya mwezi, hadi nikafika siku ile ya Chiungutwa.

Ilikuwa pale. Niliituma mimi.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Siku ile kishikwambi kiligoma, nikapiga kwa simu, na mkuu akaniambia nirushe kwenye kundi asije akaikosa. Nikaandika: "Mkuu shikamoo, kishikwambi kimegoma, picha ya Chiungutwa hii hapa," na namba yake. Mmoja akauliza, "Ni wa nani huo?" Nami nikajibu, bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa saa ngapi: "Yule mama fundi cherehani karibu na mashine ya kusaga." Chini yake watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Mmoja akaandika, "Tembo wa Chiungutwa." Na chini ya huyo, mimi, kikatuni cha kidole gumba kilichoinuliwa.

Mara nyingi nilikuwa nimejihesabu kuwa mimi ndiye mtu safi wa ofisi ile.

Kundini walikuwemo hata watu walioacha kazi. Mmoja alikuwa dereva wetu wa zamani, na shemeji yake, nilijua, aliuza dawa za mitishamba. Nikampigia.

"Dada, mimi niliombwa picha ya mfano tu," alisema. "Si haina sura? Nyie wenyewe mlikuwa mnaichekea."

Nikakata simu.

Kesho yake nikaenda Chiungutwa. Mama alikuwa kwenye cherehani yake, lakini mezani hapakuwa na kitambaa cha sare hata kimoja. Alipokea salamu yangu, akanionyesha kiti.

"Nilijua utakuja," alisema. "Au nilitumaini."

Alikuwa ameshapata habari. Jirani yake alikwenda Newala kuuza choroko, akalitambua gauni, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na lake la kitambaa kilekile. Kijiji kizima kikajua ndani ya siku mbili. Wanawake wakaacha kumletea nguo. Hawakumtukana, walisema tu watashonesha mjini safari hii. Mmoja alikuwa mkweli zaidi, akamwambia watu wanaogopa funza.

"Sijawahi kuwa na funza," alisema mama. "Naosha mguu wangu kila asubuhi na kila jioni, hata mwezi wa kumi maji yakiwa ya kununua kwa ndoo."

Nikamweleza kila kitu. Nilimwambia kuhusu kundi, kuhusu dereva, na mwishoni kabisa nikamwambia kwamba aliyeituma mara ya kwanza ni mimi, na kwamba niliulizwa ni wa nani nikamtaja. Neno la tembo nilitaka kulificha, kisha nikalisema nalo.

Hakulia. Alichukua kipande cha kitambaa kilichobaki, akakishona pindo kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuinua kichwa, akakata uzi kwa meno.

"Yule muuzaji yupo Newala siku gani?"

"Siku za soko, mama."

"Kesho kutwa tunakwenda. Wewe na mimi."

Tulikwenda kwa pikipiki, yeye amekaa kiupande, mguu ameulaza juu ya begi langu ili usitikisike. Tulipofika spika ilikuwa tayari inaunguruma na watu wamejaa. Alivaa gauni lilelile la bluu. Akapita katikati ya watu, taratibu, anaburuta mguu, hadi mbele ya bango. Akashika pindo kwa mikono miwili akalipandisha hadi gotini, mbele ya wanaume, wanawake, na wauza nyanya. Safari hii hakugeuza uso.

"Mguu ndio huu," alimwambia yule mwenye koti jeupe. "Mbona haujapona?"

Yule jamaa alitazama mguu, akatazama bango, akatazama mguu tena. Spika iliendelea kuongea peke yake, kwa sababu maneno mengine yalikuwa yamerekodiwa. Mtu mmoja nyuma akacheka, mwanamke mmoja akamkemea kwa Kimakonde, akanyamaza.

"Umewahi kunipa dawa?" mama aliuliza.

"Mama, picha nilipewa..."

"Nimekuuliza umewahi kunipa dawa?"

"Hapana."

"Mguu wangu una funza? Inama uangalie."

Hakuinama. Alizima spika. Watu waliokuwa wameshika vichupa wakaanza kuvirudisha juu ya gari, kimoja kimoja, na wengine wakaanza kudai pesa zao kwa sauti. Mama akafungua kamba za bango mwenyewe, kwa vidole vya fundi, bila kuchana. Akalikunja mara nne, akanipa mimi nibebe. Kisha akashusha gauni na kuuliza wapi anaweza kupata chai.

Mgahawani tuliletewa chai. Nilimwambia anaweza kujitoa kwenye utafiti, nitahakikisha. Akafikiri.

"Nani mwingine aliyeomba habari zangu?" aliuliza.

Nikamweleza kuhusu yule daktari, barua tatu, na majibu niliyompa.

"Kwa hiyo aliyeomba kwa barua amenyimwa," alisema, "na asiyeomba amepewa."

"Ndiyo, mama."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu kilichochacha. "Picha ifuteni. Majibu yangu yabaki, apewe huyo daktari. Nilikaa saa nzima nakujibu wewe maswali. Sikukaa ili mkae nayo."

Nikaandika taarifa kwa kamati ya maadili ya utafiti. Nilijitaja mwenyewe wa kwanza, kisha nikaandika mengine yote, mpaka panya. Kamati ilituma watu watatu. Siku hiyo ofisi ilinukia dawa ya sakafu, kabati lilikuwa na kufuli jipya, na mkuu aliwakabidhi mwongozo wa utunzaji wa data uliotoka kwenye printa muda mfupi kabla hawajafika. Nilipoupokea kuwagawia, karatasi zilikuwa bado na joto. Walikunywa maji ya chupa, wakala biskuti. Mmoja wao, mzee mwenye sauti ndogo, ndiye pekee aliyeomba kuonyeshwa simu yangu. Alisoma kundi lile lote, akanirudishia, akajifuta vidole kwenye suruali.

Waliamuru kundi livunjwe, picha zifutwe kila mahali, na daktari apewe data isiyo na majina. Data ile niliituma mwenyewe asubuhi moja. Ilichukua muda wa kunywa chai. Mara tatu nilimwambia bado, na kazi yenyewe ilikuwa ya kunywa chai moja.

Mkuu alipewa onyo la maandishi. Mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Niliambiwa sina moyo wa kushirikiana. Baadaye nilisikia yeye amehamia mradi mwingine, mkubwa zaidi, na kwamba huko ndiye anayefundisha semina ya kutunza siri za wagonjwa. Aliyenipa habari hiyo alidhani nitacheka.

Daktari alikuja Chiungutwa na Lukuledi, akafundisha watu kuosha miguu, kukausha katikati ya vidole, kuinua mguu wakati wa kulala. Mguu wa mama haukupungua sana, lakini homa zilizokuwa zikimlaza zimekuwa za nadra. Wateja wamerudi, si wote. Nilimpelekea kitambaa anishonee gauni. Alinipima vizuri, alinishonea vizuri, na hatukuzungumza zaidi ya vipimo. Sikutegemea zaidi.

Mwaka huu, wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nilikuwa Nanganga kwenye shamba la mjomba, simu ikalia. Shangazi yangu, mcha Mungu kabisa, alikuwa amenitumia picha. Ilikuwa imefifia kwa kupita simu nyingi, lakini pindo la bluu lilionekana. Chini yake mtu asiyejulikana alikuwa ameandika ombi la kumwombea mgonjwa huyu, na kwamba atakayewatumia watu kumi atapata baraka.

Nikampigia. "Shangazi, shikamoo. Ifute hiyo picha. Namjua mwenye mguu, na hakuomba kuombewa."

"Marahaba. Maskini, pole yake," alisema shangazi, na sauti yake ilikuwa ya huruma ya kweli. "Lakini mbona nimeshawatumia wanakwaya wote?"